Bato iko ku serivisi

Mimi ni mutu wa haraka. Neno nasikia nusu, nusu ingine naijaza mwenyewe. Tangu utoto mama ananiambiaka: haraka haina baraka, mutoto wangu, sikia muzuri.

Mama alikuwa Kilwa, si ile ya pwani, ni kisiwa cha wavuvi ndani ya ziwa, kwa dada yangu. Akateleza, paja likavunjika. Mitumbwi ya mota inapita kila siku, lakini nani angemukunja mama ndani ya mutumbwi na ule muguu? Kumufikisha hospitali ng'ambo, ilihitajika bato, meli kubwa yenye kubeba magari. Ile inashusha mulango mupaka ku muchanga. Watu wane wanaingia na kitanda namna gari inaingiaka. Shida, bato ile imekufa na kufufuka mara mingi. Kuna musimu muzima ilikaa imefungwa, mbuzi ndio walikuwa abiria wake.

Nikiwa Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi, nikapigia simu mukubwa wa bandari ya Nchelenge, Mubemba mupole. Akajibu na Kiswahili chake cha soko: «Bato iko ku serivisi, mama.» Nikashukuru Mungu. Nikamwambia dada: kesho asubuhi mubebe mama mupaka ku maji, bato inakuja.

Kesho yake, kufika Nchelenge, bato imefungwa ku kamba, injini moja iko chini, vipande vipande juu ya turubai. Sisi wa Kongo, kwa Kifaransa, kitu kikiwa ku serivisi kiko kazini. Wao wa huku, kwa Kingereza, kinatengenezwa. Simu ya dada ilikuwa imezima. Nikaketi chini, nikalia bila haya. Mama alikuwa anachomwa na jua kule ku maji sababu ya masikio yangu.

Fundi, muzee mwenye mafuta mupaka ku nyusi, akauliza nalia nini. Nikamweleza yote. Hakunicheka.

«Leo tulipaswa kujaribu ile injini ingine,» akasema. «Basi tutaijaribia njia ya Kilwa.»

Tukaenda pole pole, bato ikivuta upande mumoja kama mbuzi mukaidi. Nilisali njia yote. Mupaka leo, nikisikia mulio wa ile injini, namuombea yule muzee.

Mulango ukashuka ku muchanga wa Kilwa. Dada alikuwa amenuna. Wavuvi walimwambia mama bato imekufa, wakataka kumurudisha nyumbani, akakatala. Nilitaka kuungama kosa langu, lakini mama alinitangulia.

«Niliwaambia wakinirudisha watanichosha bure,» akasema. «Mutoto wangu, kwa mara ya kwanza, alisikia muzuri.»

Sasa anatembea na fimbo. Bado sijamusahihisha.