Kambi Ilipohamia Sebuleni Kwangu

Nilipofikisha miaka arobaini nilikuwa nimeshajitangazia kwamba hakuna jambo duniani la kunishtua. Nilishamkuta kiboko amelala katikati ya mpunga wangu. Nilishaona pantoni likiondoka na baiskeli yangu, mimi nimebaki ng'ambo nimeshika pampu. Niliishia darasa la nne, na bado meneja wa benki alikuwa akinivutia kiti. Mtu wa namna hiyo ashtuke na nini?

Wakati huo nilikuwa na mashine mbili za kukoboa mpunga pale Kibaoni na lori moja ambalo, tusidanganyane, nusu yake ilikuwa ya shemeji. Mfanyabiashara mwenzangu wa Mlabani alikuwa anafadhili timu ya mpira wa miguu, na kila Jumapili jina lake lilikimbia uwanjani likiwa kwenye migongo kumi na moja. Roho ikaniuma. Nikapiga hesabu zangu: netiboli ni watu saba, hawahitaji njumu, na sketi hazili kitambaa. Nikaanzisha timu ya wanawake. Sketi nilizichagua mwenyewe, nikamwambia fundi akate juu zaidi, watu wapate sababu ya kuja. Nilijiona bingwa wa biashara.

Kocha sikumtafuta, alinitafuta yeye. Alikuja na trakisuti, filimbi shingoni, akaniita Mkurugenzi. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Kwa neno hilo moja angeweza kuniuzia pantoni pamoja na abiria wake. Nikampa timu, nikampa na vyumba vya nyuma ya mashine viwe kambi ya wachezaji, na funguo nikamkabidhi yeye.

Kambi yenyewe ilikuwa ya kujiandaa na mashindano ya Mang'ula. Watu wa shamba la miwa walikuwa wanakuja kutazama, na mchezaji aliyewapendeza walimchukua kwenye timu yao. Kuchezea timu yao maana yake ilikuwa ajira: mshahara wa kila mwezi na chumba cha kulala. Mfungaji wetu, binti mrefu wa miaka ishirini hivi, aliingoja siku hiyo kuliko mtu yeyote. Mafuriko yalikuwa yamesomba mpunga wa mama yake, na wadogo zake walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Siku moja kepteni wa timu akanifuata mashineni. Alikuwa mama wa mtoto mmoja, muuza vitumbua, mtu mkavu wa maneno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vitumbua vimeisha?"

"Sijaja kwa vitumbua. Nimekuja kwa habari ya kocha."

Akaniambia bila kuzunguka. Jioni jioni kocha alikuwa anamwita mfungaji chumbani kwake, eti amnyooshe misuli. Jana yake alipeleka mkono pasipo na msuli wowote. Binti akausukuma ule mkono, akatoka. Kocha akamfuata mpaka mlangoni, akamwambia wenzake wakisikia: "Basi Mang'ula utakaa benchi. Na watu wa miwa hawachukui mtu wa benchi."

Mkurugenzi mimi nikatafakari, nikatoa swali nililoliona la busara.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sketi yako, mzee," kepteni akajibu. "Unajua nyingine tuliyonayo?"

Nikageukia mashine, nikajifanya nakaza mkanda wake. Nikamwambia nitalishughulikia. Na nililishughulikia hivi: nikamwita kocha, akacheka, akasema, "Mkurugenzi, wanawake ukiwabana kwa mazoezi wanatunga hadithi," nami nikamnunulia nusu kilo ya nyama choma. Nikarudi nyumbani nimeshiba, kesi nimeimaliza.

Mlangoni nikakuta ndala zimejaa kama kwenye msiba. Sebuleni wachezaji wote wametandika mikeka. Kwenye kiti changu, ambacho hata watoto wangu hawakukikalia, kilikaa kibinti cha akiba kikila wali wangu. Mke wangu alikuwa anapakua, kepteni akimshikia sahani.

"Kuna nini hapa?"

"Kambi imehamia," akasema bila kuinua macho.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si mimi?"

"Haya, toa ruhusa basi. Chakula kinapoa."

Nikatoa ruhusa. Usiku huo nililala stoo na magunia.

Asubuhi kocha akaja uani, akapuliza filimbi ya mazoezi. Hakuna aliyeinuka. Akapuliza tena. Mke wangu akatoka na ufagio. "Mwalimu, hapa unawaamsha kuku tu."

Kocha akanigeukia. "Mkurugenzi, hebu waambie. Sisi wanaume tunaelewana."

Ningependa kuandika kwamba nilinguruma kama simba. Nilichosema ni, "Umekunywa chai?"

Aliyeninasua ni mfungaji. Alikuwa anasugua masufuria, akasimama na mikono yake ya majivu.

"Baba, mimi sitaki apigwe, na chai yake siyo shida yangu. Nataka kujua kitu kimoja. Mang'ula nani anapanga timu?"

Swali lilikuwa jepesi, hata mtu wa darasa la nne angelimudu. Nikaitazama ile trakisuti. Nikamtazama mke wangu na ufagio wake.

"Anapanga kepteni," nikasema. "Na wewe mwalimu, kuanzia leo huna timu. Lete funguo."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, ila ilitoka. Akanitupia funguo miguuni, akaniita mshamba. Ukurugenzi wangu ukaishia hapo.

Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo pia. Lakini nilipofika mashineni, wapagazi wangu walikuwa wananisubiri.

"Mzee, kumbe umeoa timu nzima!"

"Na wale wa akiba, mahari yao umetoa?"

Badala ya kuwafokea nikapandisha suruali. "Mwanamume ni kikosi, wadogo zangu! Mmoja atatosha wapi?" Wakacheka mpaka mmoja akadondosha gunia. Nilijisikia nimerefuka. Siku nzima niliirudia hiyo kauli kwa kila aliyeleta mpunga.

Tukaenda Mang'ula kwa lori, wasichana wakiimba, mke wangu akiwa nao huko juu. Nilidhani mambo yamekwisha. Kabla ya mechi kepteni akanijia amekunja uso. Kocha alikuwa ametutangulia. Alisimama chini ya turubai la watu wa miwa, akawaambia kwamba yule mfungaji ni hawara yangu, na kwamba nimemfukuza yeye kwa wivu. Walipotaka ushahidi alicheka tu: "Waulizeni watu wa Kibaoni. Mzee mwenyewe anajisifu." Wakamuuliza mpagazi wangu mmoja aliyekuja kushangilia. Yule kijana, kwa mapenzi yake kwangu, alithibitisha kila kitu. Watu wa miwa wakasema binti mwenye mzee nyuma yake hawamtaki.

"Mzee, ulisema wewe ni kikosi?" kepteni akaniuliza.

"Nilikuwa natania."

"Basi nenda ukamalizie utani wako pale turubaini. Mfungaji yule pale analia nyuma ya lori."

Nikaenda. Msimamizi wa timu yao alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Nikamwamkia, nikaanza kama nilivyozoea: mashine mbili, lori moja.

"Sijauliza mali," akasema. "Yule binti ni nani kwako?"

Miaka yote nilikuwa nimejifunza kujikuza. Kujipunguza sikufundishwa na mtu, na watu walikuwa wamejaa pale wananisikiliza.

"Si chochote kwangu, mama. Kocha huyu alimtaka, akakataa, akatishiwa benchi. Niliambiwa, nikapuuza. Aliyewafungulia wachezaji mlango ni mke wangu. Mimi nililala na magunia. Hayo ya kikosi ni uongo wangu wa barazani. Nina mke mmoja, na huyo mmoja hanisikilizi."

Turubai zima likaangua kicheko. Yule mama hakucheka. "Mkeo yuko wapi?"

Mke wangu akaitwa kutoka kwenye lori.

"Mumeo anasema kweli?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Leo, ndiyo."

Yule mama akamwomba kocha atoke kwenye kivuli chake. Kisha akamwita mfungaji pembeni, wakazungumza wawili tu. Waliyosema siyajui mpaka leo, na hayakunihusu. Kepteni alimpanga akacheza mwanzo mpaka mwisho. Tulifungwa, lakini karibu magoli yetu yote aliyatupia yeye. Jioni akaambiwa aje kwa majaribio ya mwezi mmoja, aje na raba, godoro na chakula chake. Majaribio akayashinda, akakaa huko miaka. Kocha naye nilisikia alipata timu nyingine msimu uliofuata. Ndivyo ilivyokuwa.

Pale pale uwanjani nilitia mkono mfukoni, nikatoa noti mbele za watu, kifua mbele. Binti akarudi nyuma.

"Baba, asante, lakini mkononi mwako sipokei. Watasema."

Noti zikabaki hewani kama nauza karanga. Ikabidi kila kitu anunue mke wangu, kwa mkono wake: raba, godoro, blanketi, unga na maharage ya mwezi, nauli. Akaongeza na kitambaa cha sketi mpya za timu, zile za kufika magotini. Tulipofika nyumbani akanikalisha.

"Binti nimempa mimi. Wewe unanilipa mimi."

Nikaomba punguzo. Akaongeza nauli yake ya kwenda na kurudi, na lori alilopanda lilikuwa langu. Nikalipa shilingi elfu themanini na nne, mia sita na hamsini.