Landrova ya Kaka kwa Rula ya Shule

Nilikuwa mtu wa nyumbani hata kabla sijakosa pa kwenda. Nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu wa Kwamndolwa walikimbilia mitumba, wakawa wanafuata marobota Tanga na kurudi wamevaa suruali za Wazungu warefu. Mimi nilibaki uani kwa mama, nikichongachonga vijiti. Shemeji yangu, mke wa kaka, aliniita mwali.

"Mwali, leo umetoka mpaka getini?"

Geti lenyewe hatukuwa nalo.

Kaka alikuwa dereva wa landrova ya shamba la mkonge. Vita vya Uganda vilipoanza, magari ya mashamba yalichukuliwa kwenda mbele. Landrova ile ikapakwa kijani juu ya rangi yake nyeupe, ikawekwa turubai, ikaondoka na dereva wake. Gari halikurudi, naye hakurudi. Barua ilisema hajulikani alipo. Miaka ikapita, maduka yakajaa sabuni na redio, na shemeji bado yupo kwetu, si mke si mjane.

Basi akaja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, kutoka Sindeni. Kwa mila ya upande wetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, mgomba hulazwa kaburini badala yake. Watu wanalia, matanga yanaisha, mke anakuwa huru.

"Shemeji," akamwambia mama, "tumlaze mtoto. Na huyu binti tumwachie njia yake."

Mama alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso. "Siku nitakayoliona lile gari linaingia hapa uani, ndiyo siku nitakayolia."

Kila mwenye akili alielewa kwamba amekataa. Mimi, niliyefaulu hisabati, nilisikia oda ya kazi.

Pale Korogwe mjini kulikuwa na gereji yenye mzoga wa landrova kama ile. Niliupima kwa kamba, bampa hadi bampa, mafundi wakinicheka, kisha kila futi nikaifanya inchi moja kwa rula yangu ya shule. Chesisi niliichonga kwa mlingoti wa mkonge, ile nguzo inayochomoza katikati ya mkonge uliozeeka. Ikikauka ni nyepesi, kisu kinapita kama kwenye muhogo. Bodi nilikata kwenye debe la mafuta ya kula, magurudumu kwenye kandambili. Turubai nilishona kwa kaptula yangu ya kaki ya shule ya msingi, ambayo ilikuwa haijapata kazi ya maana kama hiyo.

Shemeji alianza kwa kunicheka. "Magurudumu yana matege kama mwenye gari." Siku ya tatu akawa ananielekeza.

"Boneti ibonyeze hapa kushoto. Kaka yako aligonga troli ya mkonge, akaniambia nisimwambie mtu."

Nikabonyeza kwa kidole gumba.

"Zaidi."

Nikabonyeza tena. Akaniuliza, "Hivi wewe unataka mama alie?"

"Nataka wewe uondoke," nikasema. Nilikusudia utani. Haukutoka kama utani.

Baba mdogo aliporudi, gari lilikuwa tayari, limepakwa rangi ya kijani ya milango, na mahali pachache nimeacha weupe uchungulie. Nikalifunga kamba, nikalivuta kutoka njiani mpaka uani, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Baba mdogo alianza kucheka, akaacha.

Mama aliinama. Aliweka kidole kwenye ule mbonyeo wa boneti, akakiacha hapo. Kumbe naye aliambiwa na kaka, akaambiwa asimwambie mtu. Kisha akafunua turubai, akachungulia ndani.

"Dereva yuko wapi?"

Sikuwa nimemchonga. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili ile sura ilinikataa. Sikuwa na hakika nayo tena.

"Mama, hayupo," nikasema.

Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia kwa Kizigua, akimwita kaka kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Majirani wakaingia, wanawake wakampokea kilio. Mgomba ukakatwa asubuhi yake. Baba mdogo alitaka gari nalo liingie kaburini, mama akakataa. Sikuthubutu kuuliza sababu.

Shemeji aliolewa Hale mwaka uliofuata. Siku ya kuondoka hakunitania hata neno moja. Alinipa mkono tu, kama anayeaga watu wa msibani.

Tukabaki wawili. Jioni moja mama, akisonga ugali, akaniuliza bila hasira yoyote, "Hivi wewe ulikuwa na haraka gani?"

Nilitaka kumwambia ni kwa ajili ya shemeji, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini kitanda changu nilikuwa nimeshakihamishia chumbani kwa kaka, alimokuwa akilala shemeji. Nikala, nikamshukuru kwa chakula.