Nyota Iliyokufa Zamani Ilinivunjia Posa

Kama haya ingekuwa inaua mutu, wallahi mimi ningekuwa nimeshazikwa hapa Kasongo, lakini bora niwasimulie mwenyewe kuliko watu wa sokoni wawaongezee chumvi, na mukisikia nafoka munisamehe, hasira bado iko kwenye koo.

Mimi nafundisha fizikia, na pembeni nasoma kwa intaneti na kikundi chenye kuchunguza nyota kubwa zinazolipuka mbali kule, mbali mpaka mwanga wake unatufikia zikiwa zimeshakufa zamani: mulipuko unakwisha haraka, kunabaki mwanga wenye unafifia, na usipouwahi umeukosa milele. Satelaiti ikiona mulipuko, telefone inalia, na mwenye zamu anaagiza darubini ya nchi nyingine igeukie pale. Siku ya kumuposa Zaituni zamu ilikuwa yangu (nimuombe mwenzangu anishikie zamu? Eti mulipuko gani utatokea saa ya wali na kuku!), nikaacha telefone wazi mufukoni.

Kwetu muposaji anakaa kimya, wazee ndio wanasema, na hasimami mpaka fatiha isomwe. Baba ya Zaituni ameinua tu mikono, telefone ikapiga kelele, na mimi huyo, nikaruka mikeka, nikapanda pikipiki, kompyuta mugongoni, mpaka kwenye kilima chenye rezo, pale intaneti inashika.

Sasa baba mudogo, musemaji wangu, alijua niko zamu. Angesema "kazi imemuita", basi! Yeye, mbele ya wakwe: "Mumusamehe, tumbo inamuendesha." Tumbo!

Baba mukwe, mutu wa huruma, akafuata mwenyewe alama za pikipiki yangu, na chupa ya maji ya chumvi na sukari. Akanikuta nimekaa juu ya jiwe, kompyuta kwenye mapaja, nacheka peke yangu kwa sababu agizo limekubaliwa.

"Tumbo ndiyo hii?"

"Hapana, baba, ni nyota, ilikufa zamani sana..."

"Ilikufa zamani, na haikuweza kungojea fatiha?"

Nikamugeuzia kompyuta aone. Akamwaga maji chini, akarudi kwake. Na ile darubini? Kule kulikuwa mawingu, picha nyeusi tititi!

Niliporudi, baba mudogo akaniambia, mudomo umejaa kuku: "Nilikuokoa." Nusura nimurushie sahani.

Mangaribi Zaituni akapiga telefone. "Nyota siikasirikii, ulinieleza nikaelewa. Ungesema tu 'Zaituni, imelia', ningemueleza baba mimi mwenyewe. Sasa anataka muanze upya, na wazee wengine." Akakata.

Nimeapa, musemaji sitamuchagua tena kwa ndevu. Mutu mumoja tu katika nyumba ile aliielewa kazi yangu, alikuwa chumba cha pili, mulango wazi, na mimi nikapita mbio bila kumuangalia.