Mkwe Aliuzwa Kwanza

Gari likiharibika huku kwetu, abiria huuzwa. Sisemi kwa mafumbo. Makanga anasimama barabarani, anainua mkono, na gari lolote linalopita likiwa na kiti kitupu anamuuzia makanga wake mtu mmoja. Anampa mwenzake sehemu ya nauli yako, unapanda, unaenda. Wanaouzwa haraka ni wale wasio na mzigo. Mimi siku hiyo nilikuwa na kuku hai, kiondo cha njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, zilizopondwa na ndizi, nduma za kutosha harusi, na chupa kubwa ya uji wa wimbi. Mkwe wangu alikuwa na kibeti. Husema mkono mtupu haulambwi, lakini nendeni mkaone barabarani: mkono mtupu ndio unaonunuliwa.

Mkwe ninayemsema ni mama ya mume wa binti yangu. Sisi wawili tunaitana hivyo, mkwe, na tunaitana kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani. Hatujawahi kugombana. Tunaheshimiana hadi inauma.

Binti yangu alikuwa amejifungua Kerugoya, ambako ameajiriwa. Mtoto wa kwanza, msichana. Mumewe anafanya kazi Lodwar na hangepata ruhusa kabla ya mwisho wa mwezi, na hospitali ilikuwa imesema mama na mtoto wanatoka siku hiyo. Nikasema basi anakuja kwangu Mukurweini, kwa ng'ombe wangu na jiko langu, nimlishe hadi apate nguvu. Mkwe, ambaye ana duka la vitambaa Nyeri mjini, akasema basi anaenda kwake, kwa sababu kwake kuna maji ya moto kwa mfereji. Nikasema sawa. Yeye pia akasema sawa. Kila mmoja akanyamaza na mpango wake.

Namjua binti yangu. Ni mtoto mpole, hajui kukataa mtu tangu utotoni. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia twende, anavaa viatu. Kwa hivyo nilijua kabisa kwamba atakayekifikia kile kitanda kwanza ndiye atakayeondoka naye. Nikaamka na mapema, nikapika, nikafunga kuku miguu, nikapanda gari la kwanza hadi Nyeri. Kufika steji ya magari ya Kerugoya, nani ameketi kwenye basi karibu na dirisha, amevaa sweta safi, anatabasamu? Mkwe.

"Mkwe! Kumbe tuko pamoja," akasema.

"Tuko pamoja kabisa," nikasema, na roho ikaniuma kama jino.

Wacha niseme wazi, maana umri wangu si wa kuficha vitu vidogo. Nilikuwa na wivu naye. Wivu wenyewe ulianza kabla ya harusi, binti yangu aliponipigia simu kusema jinsi mama wa upande ule anavyoongea polepole na vizuri. Polepole! Mimi naongea hivi. Ukaendelea alipopata mimba, maana mkwe alijua ni msichana kabla yangu. Yeye ndiye aliyempeleka kupigwa picha ya tumbo, mimi nikaambiwa jioni, ng'ombe wakikamuliwa. Lakini kilichonimaliza ni jina.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Hakuna mjadala, hata ukilia. Wangu mimi atakuwa wa pili, akija. Na kwetu jina si jina tu. Yule mtoto ndiye yule mtu. Mwanamke akizaliwa mjukuu wa jina lake, anatembea sokoni akisema, "Nimezaliwa wiki hii, mmesikia?" na watu wanampa mkono. Mkwe alikuwa amezaliwa. Mimi nilikuwa nimebeba nduma.

Basi lilituzimikia tukishapita Karatina, mlimani, kahawa huku na kahawa huku. Kwanza tulisikia mlio chini ya miguu yetu, halafu harufu ya kitu kinachoungua, halafu dereva akasema neno ambalo siwezi kuandika. Makanga, mwanamume mzima mwenye mvi kwenye ndevu, akashuka na kukata matawi, akayapanga barabarani nyuma ya gari ili tusigongwe. Nikajua ni mambo ya siku nzima. Mtu hapangi matawi vizuri hivyo kama gari litawaka sasa hivi.

"Msijali, watu wangu," akatuambia. "Ofisi imetuma gari ingine. Inakuja."

"Iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko hapa tu Karatina, mathe."

Wale waliokuwa wameyaona haya zamani walianza kutazama barabara bila kumsikiliza. Na kuuzwa kukaanza. Mwalimu mmoja mwenye mfuko wa plastiki akaenda. Wasichana wawili wakaenda wakiwa wamepakatana. Kila gari liliposimama nilikuwa mlangoni wa kwanza, kuku mkononi, na kila makanga alitazama kuku kabla hajanitazama mimi.

"Mathe, hiyo kuku itakaa wapi?"

"Itakaa kwangu. Kwani nimekuambia uishike?"

"Hapana, mathe. Kuku hapana. Na hizo mizigo zote?"

Wanaenda. Mkwe alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya barabara, ametandika leso, kibeti magotini. Hakukimbilia gari hata moja. Hilo pia liliniudhi. Mtu asiyekimbia huonekana ana heshima, na anayekimbia na kuku huonekana vile nilivyoonekana.

Halafu likaja gari moja, kiti kimoja, na makanga wake akafungua buti mwenyewe akasema, "Hata kuku aingie, si neno." Haki, nilisikia moyo ukiruka. Mkwe akainuka, akapanguza sketi, akanigeukia.

"Nenda wewe, mkwe. Wewe uko na mzigo."

Nami, mjinga wa Mungu, nikasema, "Aii, hapana. Nenda wewe."

Nieleze nilikuwa nafikiria nini. Kwetu ukikaribishwa chai unasema hapana, nimeshiba. Mwenye nyumba anasema aii, kikombe kidogo tu. Ndipo unakunywa vikombe vitatu. Kila mtu analijua hilo. Nilikuwa nimekataa mara ya kwanza, kwa adabu, nikingoja aniambie mara ya pili.

"Haya, asante mkwe," akasema, na akapanda.

Woi! Mlango ukafungwa. Nikaona mkono wake dirishani ukinipungia, polepole, kama anavyoongea. Nikabaki na mdomo wazi na kuku akinitazama.

Niliyemgeukia ni makanga, maana hasira lazima iwe na mahali pa kwenda. "Nirudishie nauli yangu!"

"Mathe, hiyo pesa iliingia kwa mafuta."

"Mafuta ya nini, na gari imekufa?"

Akacheka, na akakosea kucheka. Nikamwambia yote. Nikamwambia kuwa wanajua kutuita steji kwa majina matamu, shosho karibu, shosho kaa hapa mbele, lakini gari likifa tunakuwa viazi. Nikamwambia apige simu ofisini mbele yangu, nisikie. Akapiga. Sauti ya upande ule ikasema gari iko hapa tu Karatina. Ilikuwa imesema hivyo kabla jua halijahama upande wa pili wa kahawa. Dereva naye alikuwa amevuta kofia usoni, amelala kwenye kiti chake kama mtu aliye nyumbani kwake.

Ati watu husema wanawake wa Nyeri ni wakali. Ungekuwa mahali pangu ungekuwa mpole?

Nikampigia binti yangu. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Kisha simu yangu ikalia, ujumbe kutoka kwa mkwe: *Nimefika. Uko wapi?*

Uko wapi! Anajua niko wapi, ndiye aliyeniacha. Niliuona ule ujumbe kama kidole kinachonyooshewa jicho langu. Sikujibu. Niliketi kwenye jiwe lake, ambalo bado lilikuwa limezungukwa na majani aliyoyakandamiza, na nikaona mambo yote jinsi yanavyokwenda. Amefika. Amembeba mtoto. Amesema twende, na binti yangu amevaa viatu. Wako njiani kwenda kwa maji ya moto, na huyo mtoto atakua akijua harufu ya nguo za dukani badala ya harufu yangu. Nililia kidogo. Makanga akajifanya anatazama gurudumu.

Sijui kama ni machozi au ni matusi yaliyomgusa, lakini pikipiki na magari mawili baadaye alisimamisha pikapu ya maziwa, akabishana na mwenye pikapu muda mrefu, kisha akaja akachukua kiondo changu bila kuniuliza na kukipakia katikati ya mikebe. "Mathe, nimekuuza," akasema. Akambeba na kuku pia. Akaniinua hata mimi, na si kazi ndogo. Nikamwambia Mungu ambariki na asiwahi tena kusema gari inakuja.

Nilifika Kerugoya sketi ikinuka maziwa. Walinzi wa hospitali walitaka kuku abaki langoni, nikamwacha. Nikapanda hadi wadi ya wazazi, nikaenda moja kwa moja hadi kitanda nilichoelekezwa. Kulikuwa na mwanamke mwingine juu yake, amelala, hata shuka zilikuwa zimebadilishwa.

Sikuuliza mtu. Nikashika chuma cha kitanda. Nilikuwa nimechelewa, basi. Kazi yote ile, na uji.

"Shosho, unatafuta yule wa jana?" nesi akaniuliza. "Alitoka mchana. Lakini nafikiri wako hapo nje, upande wa maegesho."

Nilishuka zile ngazi kama msichana. Kwenye benchi ya mawe, karibu na teksi nyeupe ambayo dereva wake alikuwa ameegemea akisoma simu, alikuwa ameketi binti yangu, uso umevimba kwa usingizi. Mkwe alikuwa amesimama kando, mtoto begani, amefunikwa shali mpya ya waridi. Shali hiyo ilitoka wapi? Kwenye kibeti. Kumbe kibeti hakikuwa kitupu.

"Mkwe," akasema, na mara hii hakuongea polepole. "Binti yako amenishinda."

"Amefanya nini?"

"Amekataa kuingia gari. Nimekodi teksi tangu nifike. Namwambia twende, mama yako atatufuata Nyeri, anasema hapana. Nimemnunulia supu, hapana. Ati anangoja uji. Ati anaenda Mukurweini. Nimemwambia kwangu kuna maji ya moto, ananiambia, 'Asante mum, lakini naenda kwetu.'" Akatazama kando. "Kwetu, amesema."

Nikaijua ile sauti. Nilikuwa nimeibeba mwenyewe tangu asubuhi pamoja na nduma. Na sitadanganya, nilifurahi. Nilifurahi vibaya sana. Binti yangu asiyejua kukataa alikuwa amekataa mchana kutwa, kwa ajili yangu. Nilimmiminia uji, ulikuwa umebaki vuguvugu tu, akanywa kikombe kizima bila kuvuta pumzi, akanyoosha kikombe tena. Nilimtazama mkwe pembeni ili nione kama anaona. Alikuwa anaona.

Kisha akaja mbele yangu, akaitoa shali begani, akaniwekea mtoto mikononi.

"Haya, mkwe," akasema. "Basi nimekubali kuja kwako. Nibebe vizuri."

Nilikuwa nimetoka Mukurweini kuja kumpokonya mtu yule mjukuu, nikampata, na aliyekuwa mikononi mwangu ni yeye. Yeye mwenyewe, mwekundu, ngumi zimefungwa, paji la uso la upande ule kabisa. Ndiye ningemwogesha. Ndiye ningemkesha. Nilimtafuta usoni kitu changu hata kimoja na sikukipata, isipokuwa labda hasira.

Tulirudi kwa ile teksi aliyokuwa ameikodi. Mkwe akaketi mbele, ashuke Nyeri. Mimi na binti yangu nyuma, kuku miguuni. Pale mlimani kabla ya Karatina dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya matawi. Basi letu lilikuwa bado pale. Makanga alikuwa ameketi kwenye lile jiwe, amejikunja kwa baridi, na hapakuwa na gari jingine lolote lililokuja. Alinitambua akainua mkono.

Gari liliporuka kwenye shimo mtoto akaamka, akalia. Si kulia, kupiga kelele. Nikampapasa, nikamwimbia, nikamgeuza huku na huku. Binti yangu alikuwa amelala, kichwa dirishani. Nikajua linalotakiwa. Kwetu mtoto akilia anaitwa kwa jina ndipo anyamaze, na jina hilo sikuwa nimelitia mdomoni mwangu tangu azaliwe. Nilikuwa nikisema "mtoto," nikisema "huyo."

Nikainama sikioni mwake, nikamwita kwa jina. Mara moja, taratibu. Akanyamaza, akafungua macho.

"Ii?" mkwe akaitikia kutoka kiti cha mbele, akigeuka.

"Si wewe," nikamwambia. "Namwita huyu wangu."