Jiwe la wanja la Bibi

Leo nimeshinda ubishi na bibi yangu, na najuta.

Nimetoka kliniki na mwanangu wa wiki sita. Nesi kaona wanja usoni mwake, kanigombeza: mawe mengine ya wanja yana madini ya risasi, yanaharibu ubongo wa mtoto.

Nafika nyumbani, Kariakoo hapahapa, namkuta Bibi anasaga wanja tena.

"Bibi, acha! Nesi kakataza."

"Nesi gani? Hata mama yako nilimpaka."

Jiwe ni lilelile jamani, la enzi za Ujamaa! Duka la ushirika lilikuwa halina sabuni, sukari kwa foleni, lakini wanja ulikuwapo. Jiwe moja unasagia watoto wote.

Hapo nikapandisha sauti. "Linaharibu akili, Bibi! Mtoto anakua hasemi!"

Bibi hakuniangalia mimi. Alimwangalia Mjomba Idi, kitindamimba wake, amekaa mlangoni na redio yake. Mtu mzima, ana mvi, na hajawahi kutamka zaidi ya "mama".

"Huyu ndiye niliyempaka sana," Bibi akasema. "Alikuwa mzuri mno."

Nikaanza kujikanyaga. Eti Bibi, hatujui, nesi kasema mengine, si yote...

Nyie mngemwambia nini?

Akaanza kulifunga jiwe kwenye kitambaa, nikalitupe.

Mjomba kaliona. Kainuka, kaja kapiga magoti mbele ya mama yake, kafumba macho, anasubiri kupakwa kama kila Ijumaa.