Mgomo wa Makofi

Mjukuu wa mdogo wangu amepata kazi ya ukalimani kwa Wachina wanaojenga barabara huku kwetu Sumbawanga, na jioni hunishikisha daftari lake nimsikilize. Juzi tulifika ukurasa wa migogoro ya kazini. Mgomo, akasema, ni bagong. Madai, mapatano, mjumbe wa wafanyakazi, yote akayataja kwa Kichina bila kujikwaa. Nikacheka. Maneno hayo hayo nami niliyakariri utotoni, enzi za Mwingereza, ila kwangu lugha ngeni ilikuwa Kiswahili.

Nyumbani tulisema Kifipa tu. Shangazi ndiye aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge na Kiswahili chake, akanifundisha tukipepeta ulezi, vumbi likituwasha shingoni. "Anayedai haki husimama wima," alinionya.

Mwaka ule mama, shangazi na wenzao walibeba changarawe ya barabara ya Laela. Nyapara, Mfipa mwenzetu aliyejifanya hajui Kifipa akiwa kazini, akapiga marufuku kunyonyesha mpaka jua lizame. Mdogo wangu alikuwa na miezi minne. Nilimpa uji mwepesi akautema, akalia hadi sauti ikakauka. Kina mama wakatua vikapu, wakanituma nikaseme kwa Kiswahili, maana shangazi alikwisha kutishiwa kufukuzwa.

Nilisimama wima, naapa. Lakini nilipomtazama mtu mzima yule, adabu ya nyumbani ikanishinda. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya salamu kama tunavyowaamkia wakubwa. Nyapara akaangua kicheko. Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga. Mara nikasikia makofi nyuma yangu. Mama alikuwa amechuchumaa. Shangazi naye, kisha safu nzima, wakipiga polepole.

Kwetu aliyepigiwa makofi hujibu, na huwezi kumwamrisha mtu ambaye hujamjibu salamu yake. Alifoka, akazunguka, akatazama pembeni, makofi hayakukoma. Mwishowe akainama, akajibu kwa makofi. Hapo ndipo nikayasema madai yetu, neno kwa neno.

"Haya, mama zangu," akasema, kwa Kifipa. "Kawanyonyesheni."

Najivunia siku ile kuliko vyeti vyangu vyote. Sasa mama na wenzake wamelala, changarawe yao imefunikwa lami, na vijana hunipungia mkono wakipita. Nilimwambia mkalimani wangu kwamba kichanga yule ndiye babu yake. Akafunga daftari, akachuchumaa mbele yangu, akapiga makofi, vibaya vibaya. Nilimwacha aendelee kidogo kabla ya kumjibu.