Mwenyekiti hakujitambua kwenye kamera ya geti lake

Leo asubuhi mzee mmoja wa Kileleshwa ameniuliza, "Madam, fundi umemwacha wapi?"

Fundi ni mimi.

Mzee ni mwenyekiti wa wakazi wa ghorofa moja. Walikuwa wakichagua wa kuwafungia kamera za usalama: mimi, au kampuni iliyokwisha kuweka moja ya majaribio getini. Ningekosa, ningerudi kumwomba kazi bosi niliyemwacha mwezi jana.

Nikamwomba mzee atoke, kisha aingie tena. Nikamwonyesha video ya ile kamera ya kampuni.

"Huyu ni nani?"

Akaikodolea macho. "Si ni yule jamaa wa maziwa?"

Mlinzi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, huyo ni wewe!"

Kamera ilikuwa imetazamishwa jua la asubuhi, kwa hiyo kila anayeingia anakuwa kivuli tu.

Nikafunga yangu kwenye nguzo ya pembeni. Mzee akapita tena, na safari hii hata pengo la meno likaonekana.

"Weka zote. Unaanza lini?"

Nikajibu "kesho" kwa utulivu, kana kwamba nina kazi nyingine kumi. Kumbe ndiyo ya kwanza kwa jina langu!

Nipigieni vigelegele, jamani. Mimi naona aibu kujipigia.